Ndoa ya bomani Israel haipo: jibu kwa kijana wa Moshi mwenye mchumba Myahudi

Swali limetoka kwa kijana wa Moshi, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Nilikaa Israel miezi kumi na moja kwenye mafunzo ya kilimo kule Arava, nikapata mchumba, binti wa Kiyahudi wa Beersheba. Mimi Mlutheri. Kwao sio watu wa dini kabisa, Jumamosi wanawasha gari wanaenda baharini kama kawaida. Ila tulipoanza kuongelea ndoa akasema Israel hatuwezi kufunga, lazima twende Cyprus. Nikamwambia basi tufunge bomani tu hapo hapo Beersheba, akasema hakuna kitu kama hicho. Mama yake naye akaanza kulia. Ni kweli au ananizungusha? Na nchi imeendelea vile, inakuwaje? Rafiki yangu ananishauri nibadili dini tu yaishe."

Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujakata tiketi. Nianze na hilo linalokunyima usingizi, mchumba wako hakuzungushi. Israel ndoa ya bomani haipo. Hakuna ofisi ya wilaya wala ya manispaa ambayo wewe na yeye mnaingia na mashahidi wawili na picha za pasipoti mnatoka mume na mke. Mimi niliishi Jerusalem miaka minne nasoma historia ya dini na sheria za familia na mpaka leo sijaacha kulifuatilia hili, na nakwambia kuna Waisraeli wenyewe wanalielewa vizuri siku wanayotaka kuoa tu, mtu kasoma, kamaliza jeshi, kaajiriwa, analipa kodi, kumbe mlango wa ndoa ufunguo wake anao rabi.

Utaratibu uko hivi. Kila raia kwenye rejista ya serikali ana dini yake, na ndoa na talaka vinashughulikiwa na watu wa dini hiyo. Wayahudi wako chini ya Baraza Kuu la Marabi, wenyewe wanaliita Rabanut, Waislamu wana kadhi, Wadruze, jumuiya ndogo ya dini ya huko, wana mahakama yao, Wakristo wana makanisa yao, ila sio kila kanisa, yapo kumi tu yanayotambuliwa, Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki wa aina kadhaa, Waarmenia, Waanglikana na wengine, Wapentekoste na Wabaptisti hawamo. Sasa wewe na mchumba wako mko kwenye vitabu viwili tofauti. Rabi hawezi kumfungisha Myahudi na Mkristo, kanisa nalo haliwezi kumfungisha huyo binti maana sio muumini wake, na serikali yenyewe haina dawati la kufungisha ndoa. Ndio maana kakwambia Cyprus.

Ukisikia hivi haraka haraka unaweza kudhani ni nchi ya watu wenye msimamo mkali wa dini walioamua kuwabana wengine. Sio hivyo. Huu mfumo ni mzee kuliko Israel yenyewe, na sisi watu wa huku tuna sababu ya kuuelewa kuliko Mzungu. Waturuki wa Ottoman walipotawala Palestina waliacha kila jumuiya ya dini iendeshe mambo yake ya ndoa na mirathi. Waingereza walipochukua wakaona kuna faida kuuacha ulivyo, wakauandika kwenye sheria yao ya mwaka 1922. Na ni Waingereza hao hao waliokuta makadhi pwani ya Kenya, ule ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, wakawaacha waendelee, na makadhi wapo mpaka leo, wamo hata kwenye Katiba ya Kenya ya 2010. Mkoloni ni mmoja na hesabu yake ni moja: usiguse ndoa za watu, utawala utakuwa rahisi.

Ila kuna tofauti moja na ndiyo imebeba stori nzima. Kenya mahakama ya kadhi inakuhusu kama wewe ni Muislamu na wote wawili mmekubali kwenda kwake, usipotaka kuna njia nyingine. Huku kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 imeweka milango mingi, kanisani, msikitini, kimila, bomani, chagua. Israel hiyo hiari haipo, ukiandikwa Myahudi na mwenzio Myahudi mkataka kufunga ndani ya nchi basi ni Rabanut, hata kama hamjawahi kukanyaga sinagogi na hata kama mnakula kamba wa baharini na nguruwe, vyote haramu kwao, kila wiki. Kwahiyo tatizo sio kwamba kuna mahakama za dini, hata sisi tunazo, tatizo ni kwamba mlango wa pili haukuwekwa.

Mbona haukuwekwa? Hapa ni siasa. Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa walituma kamati kuchunguza Palestina, na David Ben-Gurion, mtu ambaye yeye binafsi hakuwa wa kushika dini, hakutaka kamati ikute Wayahudi wanapigana wao kwa wao. Wale wa dini kali, chama cha Agudat Yisrael, walikuwa na wasiwasi na hii nchi inayotaka kuzaliwa mikononi mwa wasoshalisti. Basi mwezi Juni mwaka ule yeye na wenzake wawili wakawaandikia barua kuwatuliza kwa mambo manne: Sabato itakuwa siku ya mapumziko ya nchi, jiko la taasisi za serikali litakuwa kosher, yaani chakula kinachoruhusiwa na dini yao, shule za dini zitaachwa na uhuru wake, na mambo ya ndoa yatashughulikiwa kwa namna ya kuzuia taifa lisigawanyike mara mbili. Watu wanayaita makubaliano ya hali ilivyo. Barua tu ile, haikuwa sheria, lakini 1953 Bunge likapitisha sheria kabisa kwamba ndoa na talaka za Wayahudi nchini zitafanyika kwa mujibu wa Torati, na hiyo sheria ndio inayomkaba mchumba wako leo.

Na usiwadharau waliokubali. Hoja yao ilikuwa nzito, na hata mimi ambaye sikubaliani nayo naiheshimu. Walisema tukiwa na ndoa za aina mbili, na hasa talaka za aina mbili, baada ya vizazi viwili watakuwepo Wayahudi ambao Wayahudi wenzao hawawezi kuwaoa. Kwa sheria ya Kiyahudi mwanamke aliyeolewa kidini akaachika mahakama ya kawaida tu bila hati ya talaka ya kidini bado ni mke wa mtu, na akizaa na mume mwingine mtoto anaitwa mamzer, na mamzer haruhusiwi kuoa kwenye jumuiya, yeye na watoto wake. Jumuiya iliyotoka kuchinjwa watu milioni sita Ulaya miaka michache tu nyuma ilikuwa inaogopa kugawanyika kuliko kitu kingine chochote. Ukilisahau hilo utaliona jambo lote kama ukorofi wa wazee wenye ndevu, utakuwa huwatendei haki.

Lakini miaka sabini imepita na nchi imejaa watu ambao ile barua haikuwafikiria. Kuna Sheria ya Kurudi ya 1950, inayompa kila Myahudi haki ya kuhamia Israel, na mwaka 1970 ikapanuliwa mpaka kwa watoto na wajukuu wa Myahudi pamoja na wenzi wao. Yaani babu mmoja Myahudi anatosha kukupa uraia. Ila Rabanut wao wanaangalia mama, mama Myahudi au umeingia dini kwa mikono ya marabi wanaowatambua wao. Sasa Umoja wa Kisovieti ulipovunjika wakaja watu karibu milioni moja, na kati yao wengi walikuwa na baba au babu Myahudi lakini mama sio. Uraia wakapewa, rejista ikawaandika "hana dini". Leo ni zaidi ya laki nne pamoja na watoto waliozaliwa hapo hapo, wanaongea Kiebrania, wanaingia jeshi, wanafunga Yom Kippur, siku yao kuu ya toba, na majirani, na hawana mtu wa kuwafungisha ndoa nchini mwao. Mwaka 2010 wakatungiwa sheria ya kusajili muungano wa wawili, lakini sharti wote wawili wawe hawana dini, ukimpenda Myahudi haikusaidii, kwahiyo ni wachache sana walioitumia. Sheria kama hiyo inaniuma, ni kama kumwambia mtu anayekula peke yake kwamba meza unayo.

Na wapo wengine. Kuna watu wa jina la Cohen na ukoo wa makuhani kwa ujumla, Mambo ya Walawi sura ya 21 inamkataza kuhani kuoa mwanamke aliyeachika, na Rabanut wanaitekeleza mpaka leo, Cohen anafanya kazi benki, hana hekalu wala madhabahu, kampenda mama aliyeachika, anakataliwa. Kuna Waethiopia, hawa wanagusa moyo wangu kwa namna yake. Beta Israel, ndivyo Wayahudi wa Ethiopia wanavyojiita, wameshika Sabato kwenye milima ya Gondar karne na karne, Rabi Ovadia Yosef akatamka 1973 kwamba ni Wayahudi, wengi wakapita Sudan kwa miguu, wamezika watoto njiani, wakaletwa kwa ndege 1984 na 1985, halafu walipofika wakaambiwa kabla ya kufunga ndoa wazame kwanza kwenye maji ya utakaso kama watu wanaoingia dini upya, kwa sababu kuna wasiwasi kuhusu Uyahudi wao. Wakagoma. Mwaka 1985 walikaa Jerusalem mbele ya Baraza la Marabi karibu mwezi mzima. Mwishowe ikapatikana njia ya kuwasajilia ndoa zao kupitia rabi wa Netanya aliyewakubali walivyo, ila yale maneno "kuna wasiwasi" wazee wao wanayakumbuka mpaka kesho.

Na hapa jirani yetu Uganda, pale Mbale, kuna Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 baada ya kuisoma Biblia mwenyewe na kuamua kutahiri wanawe. Amin aliwapiga marufuku, wakabaki. Wengi wao waliingizwa rasmi kwenye dini mwaka 2002 na marabi wa mkondo wa Conservative kutoka Marekani, na kiongozi wao Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles akawekwa wakfu 2008. Lakini Rabanut, ambao ni Waorthodoksi wa Kiyahudi, hawatambui waliobadili dini kwa mikono ya Conservative wala Reform, mikondo mingine ya Uyahudi iliyo legevu zaidi, kwahiyo Myuda wa Mbale aliyeingia kwa njia hiyo hata akifika Israel wao hawatamfungisha ndoa na Myahudi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Israel iliamua kwamba walioingia dini kwa hiyo mikondo hata ndani ya nchi wahesabike Wayahudi kwa ajili ya uraia, uraia peke yake, ndoa ikabaki pale pale. Ona sasa: Myahudi wa kutosha kupewa pasipoti ila sio wa kutosha kupewa mke.

Basi watu wanafanyaje? Wanapanda ndege. Larnaca sio mbali, chini ya saa moja toka uwanja wa Ben Gurion, na manispaa za Cyprus wamezoea kabisa, maharusi wanashuka asubuhi na karatasi zao, wanafungishwa, wanakula samaki, wengine wanarudi siku hiyo hiyo. Sababu inayofanya hii ifanye kazi ni hukumu ya mwaka 1963, kesi ya Funk-Schlesinger, mama Mkristo toka Ubelgiji aliyefunga na Muisraeli Myahudi huko huko Cyprus, wizara ikakataa kumwandika kama mke. Mahakama Kuu ikasema karani wa rejista kazi yake ni kuandika, sio kuhukumu ndoa ya nani ni halali, akiletewa cheti kizuri cha nje aandike. Sentensi kama hiyo ya karani imebeba maelfu kwa maelfu ya familia. Mwaka 2006 ikabeba hata wanaume wawili waliofunga Toronto. Halafu ikaja korona, viwanja vikafungwa, watu wakagundua kaunti moja ya Utah kule Marekani inafungisha ndoa kwa Zoom, mko sebuleni Tel Aviv, afisa yuko Utah, cheti kinakuja. Wizara ya Mambo ya Ndani ikabisha, kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu, na Machi 2023 wakaamriwa wasajili. Kwahiyo leo kuna Waisraeli wanaofunga ndoa bila kutoka nyumbani kwao, kwa sheria ya Utah, jimbo la Marekani lenye Wakristo wengi wa dhehebu la Wamormoni, ila sio kwa sheria ya nchi yao.

Wengine hawafungi kabisa, wanaishi pamoja tu na sheria ya Israel inawatambua kama wanaojulikana na jamii, haki zao nyingi ni sawasawa na za wanandoa, pensheni, mirathi, kodi. Na wengine wanafungishwa na rabi wa binafsi nje ya Rabanut, hii nayo ina hatari, tangu 2013 sheria inaruhusu kifungo mpaka miaka miwili kwa anayefungisha ndoa ya Kiyahudi bila kuisajili. Julai 2018 polisi walimwamsha alfajiri rabi mmoja wa Conservative kule Haifa wakampeleka kuhojiwa. Watu walikasirika sana na kesi ikaishia hapo, lakini sheria haijafutwa.

Ila mdogo wangu, mimi kwangu kufunga sio mahali penye uchungu hasa. Kufunga kuna Cyprus, kuna Utah, kuna hela ya tiketi. Uchungu uko kwenye kuachana.

Kwa sheria ya Kiyahudi talaka ni hati, inaitwa get, mume anaiandikisha na kuiweka mikononi mwa mke, kwa hiari yake. Mke naye lazima akubali kupokea, hilo lilitamkwa na Rabi Gershom wa Ujerumani miaka kama elfu moja iliyopita, ndiye aliyepiga marufuku ndoa ya wake wengi kwa Wayahudi wa Ulaya. Kwa juu juu wako sawa. Ila mume akigoma, mke anabaki amefungwa, anaitwa aguna, akizaa na mtu mwingine watoto ni mamzer, wakati mke akigoma mume anaweza, kwa shida na nadra, kuruhusiwa kuoa mwingine, na hata akizaa nje na mwanamke asiye na mume watoto wake hawana doa. Hapo mizani imelala. Jengo nililokaa Jerusalem kulikuwa na jirani yangu, mama wa watoto wawili, sio mtu wa dini, aliolewa Rabanut kwa sababu mama mkwe alitaka picha nzuri ya harusi. Alisubiri get miaka saba. Mume alikuwa anaitaka nyumba. Kila Alhamisi fulani ya mwezi anavaa sketi ndefu, anaenda kukaa kwenye benchi la mahakama ya marabi, anaambiwa mume hajatokea, arudi tarehe fulani. Nilimsindikiza mara mbili tatu, na nikwambie ukweli kile korido ndicho kilichonifanya nilisome hili jambo mpaka leo. Mwishowe alimwachia nyumba. Alivyotoka na ile hati alinishika mkono akaniuliza leo tarehe ngapi, basi, hakusema kingine.

Marabi wenyewe sio wote wamekaa kimya, niseme haki. Sheria ya 1995 iliwapa meno, wanaweza kumnyang'anya mume mgomvi leseni ya udereva, kumzuia kusafiri, kufunga akaunti yake ya benki, kumweka jela. Kuna mwanamume mmoja alikaa jela zaidi ya miaka 30 anakataa kumpa mke wake get, akafia humo humo mwaka 1994. Wanawake nao wakasoma, miaka ya tisini wakaanza kuingia wanawake wanaoruhusiwa kusimama mbele ya marabi kutetea, wanajua Talmud, vitabu vya sheria ya Kiyahudi, kama wao, wanawabana kwa vifungu vyao wenyewe. Na wapo marabi wanaoandika mkataba kabla ya ndoa ili mume akigoma alipe kila mwezi mpaka achoke. Yote haya yamesaidia watu. Ila funguo bado ziko mfuko mmoja.

Na usifikiri Cyprus inakuokoa na hilo. Wayahudi wawili waliofunga Larnaca wakitaka kuachana wanapitia mahakama ya marabi vile vile, Mahakama Kuu ilithibitisha hivyo 2006. Rafiki zangu wengi walikuwa hawajui, walidhani wamekwepa.

Wewe na mchumba wako mko tofauti, na hapa unisikilize vizuri maana ni habari njema. Kwa sababu ninyi ni dini mbili, ndoa yenu ikivunjika, Mungu apishe mbali, haiendi kwa marabi moja kwa moja kama kesi yao, kuna sheria ya mwaka 1969 kwa ajili ya wanandoa wa dini tofauti, mahakama ya familia ya kiraia ndiyo inavunja. Kwahiyo huyo binti akiolewa na wewe anakuwa na talaka ya kiraia ambayo shoga yake aliyeolewa na Myahudi mwenzie hana. Sikwambii ili muanze kufikiria kuachana, nakwambia ili akiulizwa na shangazi zake awe na jibu.

Kuhusu kubadili dini, huyo rafiki yako hajui anachosema. Kubadili dini kwa Rabanut sio kubatizwa Jumapili. Ni masomo ya mwaka au zaidi, tohara, kikao cha marabi watatu, kuzama kwenye maji, na wanataka waone umeshika kweli, Sabato, chakula, kila kitu, wewe na huyo mchumba wako anayeenda baharini Jumamosi. Na wewe ni mgeni usiye na ukaazi, maombi yako yanapitia kamati maalum kwanza, sio mlango wa haraka. Halafu mila yao yenyewe haipendi mtu anayeingia kwa ajili ya ndoa, wanamrudisha kwanza. Kama moyo wako unakuita huko kwa dhati, hiyo ni safari nyingine na nitakuheshimu ukiianza. Ila usiutumie Uyahudi kama viza, wala Ulutheri wa mama yako usiuvue kama koti.

Mama mkwe analia nini? Mara nyingi mama Muisraeli wa aina hiyo, asiyeshika dini, halii kwa sababu wewe ni mweusi wala Mchaga, japo siwezi kukuapia, ubaguzi upo na Waethiopia watakwambia. Analia wajukuu. Sasa kwa sheria yao watoto wanafuata mama. Mama ni Myahudi, watoto ni Wayahudi kamili, hata baba awe Mlutheri wa Moshi, Rabanut wenyewe wanakubali. Huyo mama huenda analijua hilo ila hajalisikia likisemwa na wewe. Lisemeni mezani, siku ya Ijumaa jioni, wakiwa wamewasha mishumaa, maana hata wasioshika dini Ijumaa jioni wanakula pamoja.

Je, mambo yatabadilika? Waisraeli wengi wakiulizwa kwenye kura za maoni wanasema wanataka ndoa ya kiraia, na kuna chama kama Yisrael Beiteinu kinachobebwa na watu waliotoka Sovieti kimelidai miaka nenda rudi. Ila serikali karibu zote zinahitaji viti vya vyama vya Waharedi, Wayahudi wa dini kali, yaani Shas na kile cha wenye asili ya Ulaya, na hao hawawezi kuikubali ndoa ya kiraia. Miaka ya karibuni wameshikwa na mvutano mwingine, vijana wao kuandikishwa jeshini, Mahakama Kuu iliamua Juni 2024 kwamba hakuna tena msingi wa kuwasamehe, na Julai 2025 vyama vyao vikatoa mawaziri wake serikalini kwa ajili hiyo hiyo. Nchi yenye vita na majeruhi na familia zilizofiwa haina nafasi ya kujadili rejista ya ndoa. Usisubiri.

Sasa fanyeni hivi. Cyprus kwake ni rahisi, kwako wewe mwenye pasipoti ya Tanzania ni viza, ni barua, ni hela. Yule karani wa 1963 anaandika cheti cha nje, hajasema lazima cha Cyprus. Bomani ya Moshi ni nje. Mje mfunge kwetu, mnatoa taarifa siku 21 kabla kwa sheria yetu, kwenye taarifa mtaulizwa kama ndoa ni ya mke mmoja au laa, andikeni mke mmoja kwa herufi kubwa, maana Israel wake wengi ni kosa la jinai na hamtaki swali hilo kwenye dirisha la wizara. Mchumba aje na cheti chake cha kuzaliwa na hati rasmi kwamba hajaolewa, vyote vimetafsiriwa Kiingereza na kuthibitishwa, na vya kwako vivyo hivyo, maana vitasafiri kurudi naye. Cheti cha ndoa cha RITA, wakala wa usajili wa serikali yetu, ndicho kitakachofungua faili lako la mwenzi wa raia kule, na hilo faili ni mchakato wa hatua kwa hatua, kama miaka minne na nusu, kila mwaka mnaitwa kuonyesha kwamba mnaishi pamoja kweli, mkataba wa nyumba, bili za umeme, picha, meseji. Anzeni kutunza sasa, na wala usiingie kwa viza ya kitalii ukabaki kimya kimya, utajiharibia mwenyewe.

Kabla hamjapanga tarehe, yeye aende mwenyewe ofisi ya Mambo ya Ndani ya Beersheba aulize wanataka cheti cha Tanzania kithibitishwe na nani na nani, apewe kwa maandishi. Wakimpa fomu ya Kiebrania ipige picha unitumie, nitakusomea mstari kwa mstari.